Linda Moyo Bila Kuufukia: Mwongozo kwa Mkristo Aliyeumizwa na Watu wa Karibu

Nilikuwa nachambua mchele jikoni, simu iko pembeni ya sinia, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisani kwetu: "Wapendwa, tumbebe dada yetu kwa maombi, mimba imetoka tena, ni ya pili sasa." Jina langu halikuwapo. Halikuhitajika, maana kila mmoja mle alijua nani ana miaka minne ya ndoa na hajapakata mtoto. Habari ile nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu, mwenzangu wa kwaya, Jumanne jioni tulipokaa kwenye ngazi za kanisa baada ya mazoezi. Ujumbe uliingia Alhamisi. Mchele ulipoiva, "Amina" zilikuwa zimepita thelathini.

Kwa karibu mwaka mzima nilijilinda kama wengi wetu tunavyojilinda: nilijifunga. Niliimba, nilitoa sadaka, nilijibu "namshukuru Mungu" kila niliposalimiwa, na hakuna aliyejua lolote la ndani yangu. Hata mume wangu alifika mahali akaniuliza amenikosea nini. Andiko la kujitetea nilikuwa nalo, Mithali 4:23: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima."

Nilichelewa kuuzingatia mwisho wa mstari huo. Moyo umeitwa mahali pa chemchemi, na aliyekulia kijijini anajua chemchemi inavyolindwa. Huwa inajengewa. Pembeni wanaweka mawe na saruji, wanazungusha uzio ng'ombe wasiikanyage, wanatoa bomba ili watu wateke, na kila baada ya muda mtu anakwenda kuondoa majani na tope. Sijawahi kuona kijiji kilicholinda chemchemi kwa kuifukia. Yangu mimi niliifukia, nikaita ulinzi. Na moyo uliokauka namna hiyo Mungu anauhesabu kuwa ni kitu cha kuondolewa, katika Ezekieli 36:26 anaahidi: "nami nitatoa moyo wa jiwe uliomo ndani ya mwili wenu, nami nitawapa moyo wa nyama." Nyama huuma. Anayetuahidi ulinzi ndiye anayeturudishia uwezo wa kuumia.

Mimi si mchungaji wala daktari. Ninayoandika hapa ni yale yaliyonitoa mimi, na ambayo nimeyaona yakiwasaidia akina mama na vijana ninaoketi nao tangu wakati ule.

Hatua ya kwanza: liite jambo kwa jina lake

Kanisani tuna lugha ya kufunika. Mtu amepasuka moyo, anasema "nimebarikiwa". Ametukanwa mbele ya watoto wake, anasema "ni majaribu tu". Tumefundishana kwamba kukiri maumivu ni kupungukiwa imani, wakati Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Hakuipamba. Na Zaburi ya 55 inalia juu ya jambo hili hili letu: mtunzi anasema angekuwa adui ndiye aliyemtukana angevumilia, lakini ni rafiki yake, waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Biblia imeshalisema kwa machozi.

Chukua karatasi uandike sentensi moja yenye vitu vitatu: nani, alifanya nini, na umepoteza nini. "Fulani amenikwaza" haitoshi. Ya kwangu, nilipoweza kuiandika, ilisomeka hivi: "Rafiki yangu alitangaza msiba wangu kwa watu ambao sikuwachagua, na nimepoteza mahali pa pekee nilipokuwa naweza kulia." Nilipoiona imeandikwa nilielewa kwa nini kila mtu aliyeniambia "samehe tu, alikuwa na nia njema" alinizidishia uchungu. Nia yake sikuwa na shida nayo. Nilikuwa nalilia mahali pangu pa kulilia.

Ukishaandika, angalia jambo lako linaingia kapu lipi kati ya haya matatu, kwa sababu dawa zake si moja.

Kapu la kwanza ni makwaruzo. Mtu amekujibu vibaya siku amechoka, amesahau kukualika, ametania pasipofaa. Mithali 19:11 inasema ni fahari ya mtu kuyaachilia makosa ya namna hii. Achilia, usiitishe kikao.

Kapu la pili ni kosa la kweli: usaliti, uongo, siri iliyotolewa, deni lililokanwa. Hilo linadai mazungumzo, na nitalirudia kwenye hatua ya nne.

Kapu la tatu ni unyanyasaji, yaani jambo lenye mwendo: matusi ya kila wiki, vitisho, kudhibitiwa pesa na simu, kupigwa, kuguswa pasipo ridhaa, kiongozi anayekutumia kwa jina la Bwana. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kapu hili halitibiwi kwa kuvumilia. Tumewapoteza watu kwa methali ya "mvumilivu hula mbivu" na kwa ile ya "funika kombe mwanaharamu apite", tena zikisemwa na watu wenye Biblia mkononi. Mithali 22:3 inamsifu mwenye busara anayeona mabaya akajificha. Yesu kule Nazareti, walipomtoa nje ya mji wamtupe chini kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake. Ukiwa kapu la tatu, anzia hatua ya saba, kisha urudi hapa ukiwa mahali salama.

Hatua ya pili: mmiminie Mungu kabla hujapanga maneno

Hana alikuwa na mke mwenzake, Penina, ambaye mwaka baada ya mwaka alimchokoza mpaka analia na kuacha kula. Mumewe alimpenda lakini hakuelewa. Alimwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Kuhani Eli naye alipomwona anachezesha midomo bila sauti alidhani amelewa. Kila aliyekuwa karibu na Hana alimkosea kwa namna yake. Lakini alipomjibu Eli alisema jambo ambalo naliona ndilo bomba la chemchemi: kwamba hakunywa divai, alikuwa ameimimina roho yake mbele za Bwana. Biblia inasema akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Angalia vizuri wakati. Samweli, mtoto aliyekuwa akimwomba, alikuwa hajatungwa bado.

Kumimina kunafundishika. Kiolezo ninachotumia ni Zaburi ya 13, yenye mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na humo "hata lini" imetajwa mara nne. Miwili ya katikati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Tafuta dakika ishirini ambazo hakuna atakayekuita, chukua daftari ambalo halitasomwa na mtu, uandike yako kwa mpangilio huo na kwa lugha yako ya kila siku, Kiswahili cha sokoni au kilugha cha kwenu. Usitafute maneno ya mimbarani. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Bwana, hata lini nitaingia kanisani nikitazama chini? Hata lini nitakuwa nahesabu nani amenyamaza nilipofika? Uliniona siku ile pale ngazini, mbona hukunizuia kusema? Niangalie. Nipe usingizi usiku wa leo. Usiache jambo hili liwe ndilo jina langu. Sijisikii kukutumaini, ila ulinibeba baba alipofariki na sina mwingine wa kumwendea."

Wengi wanakwama kwenye malalamiko kwa kuogopa kumkosea Mungu. Wengine wanayaruka, wanakimbilia tumaini kabla jipu halijapasuka, na baada ya wiki wanashangaa uchungu uko palepale. Kaa kwenye malalamiko mpaka yaishe. Na siku ambayo tumaini halipatikani kabisa, kuna Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia kwenye giza bila mstari wowote wa faraja mwishoni. Nayo ni Neno la Mungu. Niliwahi kuisoma kwa sauti na dada mmoja aliyefiwa; akaniuliza kama kweli hiyo imo kwenye Biblia, akaishika ile Biblia akatazama mwenyewe. Kesho yake ndipo alianza kuomba tena.

Machozi yakija usiyazuie. Zaburi 56:8 inamwomba Mungu ayatie machozi katika chupa yake. Mtu hahifadhi kwenye chupa kitu anachokiona takataka.

Hatua ya tatu: chagua watu, tena wachache

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi baada ya lile tukio kila dada aliyeniuliza "hali?" nilimwona mpelelezi. Ila upweke hauponyi, na Paulo alipoandika kuhusu ngao ya imani katika Waefeso 6 aliandikia kanisa zima. Askari wa Kirumi walikuwa na ngao kubwa walizoziunganisha bega kwa bega. Aliyesimama peke yake mbavu zilikuwa wazi.

Tazama Yesu alivyopanga watu usiku ule wa Gethsemane. Wanafunzi wengine aliwaacha waketi pale. Watatu, Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawachukua mbele zaidi akawaambia huzuni yake. Kisha akaendelea mbele kidogo peke yake kwa Baba. Ni duara ndani ya duara. Wale wa nje hawakuchukiwa, ila hawakuambiwa yote. Na Yohana 2:24 inasema juu ya watu wengi waliomwamini kwa kuona ishara zake kwamba "Yesu hakujiaminisha kwao, kwa kuwa yeye aliwajua wote." Aliwapenda, aliwafia, na siri zake hakuwapa.

Unamjuaje wa kuingia duara la ndani? Anza kumpa kitu kidogo. Mwambie jambo ambalo likitoka halitakuumiza sana, kisha subiri wiki mbili tatu. Sikiliza pia anachokuletea: anayekuletea ya wengine, yako anayapeleka. Mtu anayefaa huuliza maswali machache, hana haraka ya kukupa aya, na halinganishi msiba wako na wa shangazi yake. Kabla ya kumwambia, weka sharti kwa maneno: "Hili naomba libaki kwetu wawili. Hata kwenye maombi ya kundi, usilitaje." Sentensi hiyo ya mwisho niliijua kwa gharama. Na wewe unayepokea siri za wenzako, usipeleke ombi lolote kundini bila kumwuliza mwenye jambo, hata kama unaficha jina.

Mkatoliki ana kitubio, na hapo siri ina ulinzi wa sheria ya Kanisa. Kanoni ya 983 haimruhusu padre kumsaliti mwungamaji kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote. Kwa makanisa mengine, ofisi ya mchungaji huwa na heshima yake lakini usidhani tu. Mwulize mwanzoni: "Mchungaji, nitakayosema yatafika kwa nani?" Mchungaji mwema hataudhika. Akikujibu kwa kujizungushazungusha, zungumza naye mambo mengine. Jumuiya ndogo ndogo, seli, na ibada za nyumba kwa nyumba ni mahali pazuri pa kuombewa kwa ujumla, ila jeraha bichi lina watu wake.

Hatua ya nne: weka uzio kwa maneno yanayosikika

Mathayo 18:15-17 ina utaratibu: akikukosa, enenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia, lifikishe kwa kanisa. Sisi huwa tunaanza na wawili watatu wa kulalamikia pembeni, na mkosaji anasikia wa mwisho. Utaratibu huu ni wa kapu la pili. Usimtume mtu aliyepigwa akaonane na aliyempiga wakiwa peke yao.

Kabla ya kwenda, andika utakachosema kisizidi sentensi nne: ulichofanya, kilichonipata, ninachoomba, nitakachofanya kisipobadilika. Halafu kisome kwa sauti nyumbani mpaka sauti isitetemeke sana. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza. Alimwuliza yule askari, kama nimesema vibaya onyesha ubaya, na kama nimesema vema wanipigia nini? Swali la upole lenye mfupa ndani yake.

Kwa mama mkwe anayekuuliza habari za mtoto mezani, mbele ya wageni: "Mama, shikamoo yako iko palepale na nakuheshimu. Hili la watoto linaniuma. Naomba tulizungumze mimi, wewe na mwanao, si mbele za watu." Ni vizuri zaidi kama mwanawe ndiye atakayeanza kulisema; wakwe huwa ni wa kuzungumzwa na damu yao. Kwa wifi anayepiga simu kila siku kukueleza wanavyokusema: "Wifi, nakushukuru, ila sitaki kujua nani kasema nini. Tuzungumze habari zako." Kisha uzungumze kweli habari zake. Kwa kundi la WhatsApp, hakuna dhambi kulinyamazisha, au kuaga kwa sentensi moja na kutoka.

Utaambiwa umebadilika, unaringa, huna upendo. Mara ya kwanza inauma karibu kama jeraha lenyewe. Warumi 12:18 ina maneno ninayoyapenda kwa ukweli wake: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kama yamkini. Paulo alijua kuna wakati haitawezekana, na upande ulio wako una mwisho.

Hatua ya tano: samehe, na ujue unachosamehe

Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa mara ya pili, maana wanaambiwa kusamehe ni kurudi kama zamani. Kusamehe ni kuacha kudai deni kwa mkono wako, unampa Mungu alidai au alifute yeye ajuaye. Kuamini tena ni kitu kingine, na hicho kinategemea mwenendo wa yule mwingine. Msamaha unaweza kuutoa leo. Imani inajengwa kwa miezi, na wakati mwingine haijengeki tena.

Daudi ananifundisha hapa kuliko mtu yeyote. Usiku aliingia kambini kwa Sauli, mfalme aliyekuwa akimwinda amwue, akamkuta amelala, mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa. Hakumgusa. Akauchukua mkuki na gudulia la maji, akavuka, akasimama juu ya mlima mbali, nafasi kubwa katikati yao, ndipo akaita. Sauli akakiri kosa, akamwita mwanangu, akamwomba arudi, akaahidi hatamdhuru tena. Daudi akajibu kwa heshima: mkuki wa mfalme huu hapa, kijana mmoja na avuke auchukue. Hakuupeleka mwenyewe. Kisasi alikwishakiacha, lakini bonde aliliacha libaki katikati. Iko 1 Samweli 26, isome yote.

Na karibu nasi kuna Festo Kivengere, askofu wa Kianglikana wa Kigezi, Uganda, mtu wa ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote. Februari 1977 askofu mkuu wao Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alijua yeye pia anatafutwa. Alivuka milima usiku pamoja na mkewe wakaingia Rwanda. Baadaye, akiwa uhamishoni, alitangaza kwamba amemsamehe Amin na anampenda, jambo lililowashangaza wengi. Alirudi nyumbani 1979, Amin alipokwisha kuondolewa. Alimsamehe akiwa ng'ambo ya mpaka, na sijasikia mtu akisema msamaha wake ulipungua thamani kwa sababu alikimbia kwanza.

Namna ya kufanya: rudi kwenye ile sentensi ya hatua ya kwanza. Itamke mbele za Mungu, kisha useme, "Deni hili ni la kweli. Nimeacha kulidai. Nakukabidhi wewe." Kama unaweza, funga macho ufungue viganja. Halafu usishangae kesho uchungu ukirudi unapofua nguo. Haimaanishi hukusamehe. Petro aliambiwa saba mara sabini, na mimi nimeona mara nyingi hizo zote huishia kwenye kosa moja lilelile linaporudi saa tisa usiku. Likabidhi tena. Waebrania 12:15 inalionya kanisa juu ya shina la uchungu, na shina huchipuka likikatwa juujuu.

Mimi na yule mwenzangu tulizungumza baada ya miezi kumi na moja. Alilia. Akasema alidhani ananisaidia, na ninaamini alidhani hivyo. Bado tunaimba sauti moja, tunakaa benchi moja la alto, alipojifungua nilimpelekea uji wa mtama na kanga mbili. Habari zangu za ndani hazijui, naye hajaniuliza.

Hatua ya sita: ya kila siku

Hapa ni fupi, ila usiiruke. Asubuhi soma zaburi kabla ya kufungua simu. Ziko 150, na ukisoma tano kwa siku unazimaliza kwa siku thelathini. Hutapenda zote, lakini siku moja utakutana na yako. Usiku simu ilale chumba kingine, kwa sababu maneno ya watu yana nguvu zaidi mtu akiwa amechoka. Meza ya Bwana usiikwepe kwa sababu aliyekuumiza naye yupo pale. Kama hilo haliwezekani kwa sasa, hudhuria ibada nyingine au usharika mwingine kwa muda, na umwambie mchungaji mmoja kwa nini. Kula. Tembea kwa miguu. Cheka na watoto.

Hatua ya saba: maumivu yakizidi, na hatari ikiwepo

Kama wiki mbili zimepita na hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, unajiona huna thamani, huenda ni ugonjwa wa sonona (depression), na huo ni wa kutibiwa. Ikiwa mawazo ya kujiua yamekuja, hata kwa kupita, mwambie mtu leo na uende hospitali iliyo karibu; hospitali za rufaa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, na Mirembe kule Dodoma na Mathari kule Nairobi zipo kwa kazi hiyo. Dawa na maombi havigombani.

Kama uko kwenye kapu la tatu, sheria iko upande wako. Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu pia ukatili wa maneno na wa kihisia, na simu ya bure ni 1195. Kwa mtoto anayeumizwa, 116 inapigwa bure nchi zote mbili. Weka vyeti, kitambulisho, akiba kidogo na nguo za watoto kwa mtu unayemwamini kabla ya siku ya kuondoka. Atakayekuambia kwenda polisi ni kukosa imani, mwonyeshe Matendo 23: watu zaidi ya arobaini walikula kiapo kumwua Paulo, mpwa wake akatoa taarifa, na Paulo akakubali kusindikizwa usiku na askari 470.

Kwangu haikufika huko, ila ilifika mahali nilikuwa sili. Mchungaji wetu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alinitazama akachukua bahasha ya sadaka, akaandika nyuma yake namba ya mshauri, mama muuguzi mstaafu. Nilijiandaa njia nzima namna ya kumweleza habari za kundi na za mimba. Nilipokaa hakuniuliza hata moja ya hayo. Aliniambia nikumbuke Elia chini ya mti kule jangwani, aliyeomba afe, na kwamba malaika alipomgusa hakumhubiria, alimwambia inuka ule, akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Kisha akaniuliza, "Leo umekula nini, mwanangu?"

Nikamwambia sijala tangu jana mchana. Akainuka, akaniletea chai ya maziwa na maandazi mawili kwenye kisahani, akakaa kimya pembeni yangu mpaka nilipomaliza.